Feni ya Gari la Mwaka Mwingine: Ipi Nafuu, Ipi Hasara

"Gari la mwaka gani, bosi?"

Ndilo swali la kwanza kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, na ukivuka mpaka hadi Kirinyaga Road kule Nairobi utaulizwa lilelile kwa lafudhi nyingine. Mimi nililijibu bila kusita: 2003. Jibu lilikuwa sahihi. Feni niliyouziwa haikuwa sahihi, na katikati ya hayo mawili zikapotea siku tatu na pesa ya tairi la mtumba.

Nawaandikia walio pale nilipokuwa. Mshale wa joto unapanda kila mkisimama kwenye foleni, fundi amefungua boneti, ametikisa kichwa na kusema, "Feni imekufa hii. Tutafute hata ya gari la mwaka mwingine, zinaingiliana." Fundi hadanganyi. Zinaingiliana, baadhi. Kazi iliyobaki kwako ni kujua zipi, kwa bei gani, na ukikosea utalipa nini.

Tuanze na huo mwaka wenyewe. Chukua Corolla ya kizazi kilichotoka Japani mwaka 2000, gari ambalo hakuna mtaa wa Dar es Salaam usiokuwa nalo. Kwa jina hilohilo moja Toyota iliuza NZE121 yenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1,497, ikauza ZZE122 yenye 1ZZ-FE ya cc 1,794, ikauza NZE124 inayovuta kwa magurudumu manne, na ikauza CE121 ya dizeli. Ukimwambia muuzaji "Corolla, 2003" umemtajia ukoo, hujamtajia nyumba.

Upande wa pili nao upo. Injini ya 1NZ-FE haikuishia kwenye NZE121. Utaikuta kwenye Runx, kwenye Spacio, kwenye ist ya cc 1,500, kwenye Probox, na hata kwenye Axio NZE141 iliyokuja kurithi kiti cha Corolla hiyo mwaka 2006. Hapo ndipo fundi anapotoa ile kauli tamu: "Injini moja, feni moja." Ndiyo iliyonigharimu. Feni ya umeme haigusi injini popote. Mota imefungwa kwenye kava, kava limefungwa kwenye rejeta, rejeta imekaa kwenye bodi, na waya wake unaingia kwenye wayaringi ya gari. Injini iko nyuma, inapulizwa tu. Kwa hiyo magari mawili yanaweza kuwa na injini ileile yakatofautiana feni, kwa sababu moja lina pua pana kuliko jingine, au rejeta yake ni ndefu zaidi, au soketi imebadilishwa umbo.

Kariri hivi basi, maana karibu kila shilingi utakayookoa inatoka hapa: feni ya umeme ni mali ya rejeta, feni ya klachi ni mali ya injini.

Hiyo ya klachi ni lile panga kubwa unaloliona kwenye Prado ya 1KZ-TE au Hilux Surf ya dizeli, limefungwa kwenye pampu ya maji na kuzungushwa na mkanda. Kwa magari hayo kauli ya fundi ina uzito, kwa kuwa kitu kinachofungwa kwenye pampu hufuata pampu, na pampu hufuata injini. Mwenye Prado KZJ95 ana sababu ya kuchungulia Surf KZN185 iliyovunjwa kabla ya kukata tamaa. Mwenye Corolla akichungulia Axio kwa hoja hiyohiyo anacheza bahati nasibu. Nitairudia ya klachi baadaye, kwa sababu ina dawa yake ya bei ndogo ambayo wauzaji hawapendi kuitaja.

Kabla hujafungua pochi, hakikisha mgonjwa ni feni kweli. Feni ina kazi pale upepo wa mwendo usipotosha. Gari likichemsha Tazara kwenye foleni, kisha mshale ukashuka ukishika mwendo Barabara ya Nyerere, hiyo ni dalili ya feni. Likichemsha ukiwa kasi 80 kwenye barabara tupu, acha feni kwanza; angalia maji, mfuniko wa rejeta, rejeta iliyoziba, themostati, pampu, na Mungu akuepushie hedigasketi. Kupanda Kitonga nyuma ya lori la mizigo ni foleni pia, japo huoni taa za barabarani. Mwendo ni mdogo, injini inavuta kwa nguvu zote, feni ndiyo tegemeo.

Halafu pima. Washa AC gari likiwa limesimama. Kwenye magari mengi feni huamka hapohapo. Isipoamka, fungua boksi la fyuzi chini ya boneti. Kwenye Toyota nyingi utaona maandishi RDI FAN na CDS FAN, ya kwanza ya rejeta, ya pili ya kondensa ya AC. Tazama fyuzi, kisha chomoa rilei ya feni uweke nyingine yenye namba ileile kutoka kwenye boksi hilohilo. Kama bado kimya, chomoa soketi ya mota uipelekee umeme wa betri kwa nyaya mbili. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima na ugonjwa uko kwenye waya, rilei au sensa. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna kipimo kingine cha bure: chomoa waya wa swichi ya joto, funguo ikiwa imewashwa, na feni iliyo nzima itazunguka yenyewe, kwa kuwa swichi hiyo imetengenezwa hivi kwamba waya ukikatika feni iwake, injini isiungue. Nimeona watu wakibadilisha mota mbili mfululizo kwa ajili ya rilei moja iliyoungua.

Sasa bei. Nilizunguka siku nzima na kijitabu, na hizi ni bei za siku ile kwa sura yangu ile. Wewe utatajiwa nyingine, na ukienda na tai shingoni utatajiwa nyingine zaidi. Mota tupu ya mtumba, bila panga wala kava, ilikuwa shilingi 40,000 za Tanzania. Mota mpya ya kopi, ndani ya boksi lenye maandishi yanayofanana na ya orijino ukiyatazama kwa mbali, 65,000. Feni kamili ya mtumba, yaani mota, panga na kava vikiwa pamoja kama vilivyotoka kwenye gari, 110,000. Mota mpya orijino ya kuagizwa, 380,000, na hapo panga na kava si sehemu ya bei. Fundi wa kusuka mota alisema ataifungua ile ya zamani aweke kaboni mpya kwa 25,000. Ufundi wa kutoa na kurudisha feni, popote nilipouliza, ulizunguka kwenye 20,000.

Mtu yeyote akitazama orodha hiyo atavutwa na 40,000. Nami nilivutwa. Kaboni niliikataa kwa kiburi, nikaona 25,000 ya kutia viraka ni uchuro. Mota ya mtumba ilikuwa safi, nzito mkononi, imetoka kwenye Toyota nyingine ya mwaka 2008. "Hii ya mbele zaidi, bosi, ina nguvu kuliko yako," alisema muuzaji. Bolti tatu zilikaa sawasawa kwenye matundu. Fundi akafurahi, mimi nikafurahi, tukanunuliana soda.

Yaliyofuata yanaeleza kwa nini mota tupu ya mwaka mwingine ndiyo ununuzi wa hatari kuliko wote kwenye orodha.

Soketi haikuingia. Fundi akazikata zote mbili, akaunganisha nyaya kwa kuzisokota na kuzizungushia tepu. Feni ikawaka kwa mlio mzuri, nikalipa, nikaondoka. Foleni ya kwanza tu mshale ukapanda kama jana. Mota hizi za umeme wa betri hugeuza mzunguko ukizibadilishia nyaya, chanya ikakaa pa hasi. Panga langu lilikuwa linazunguka kinyume, linachukua moto wa injini na kuusukuma kuelekea kwenye rejeta. Kipimo chake ni karatasi nyepesi. Iweke mbele ya gari, kwenye wavu wa pua, feni ikiwa inazunguka. Feni iliyo nyuma ya rejeta huvuta. Karatasi inatakiwa inaswe. Ikipeperushwa kukufuata usoni, rudisha gari kwa fundi.

Tukageuza nyaya. Karatasi ikanasa. Lakini ile mota ya 2008 ilikuwa na kiwiliwili kirefu kidogo kuliko cha zamani, kwa hiyo panga lilikaa karibu mno na mdomo wa kava, na gari likipita kwenye matuta ya barabarani ncha za panga zilikwaruza plastiki. Fundi alipendekeza kuchonga kava kwa kisu. Tukachonga. Siku ya tatu bawa moja la panga likakatika ncha, feni ikaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa, nikarudi Gerezani kununua feni kamili ya 110,000 niliyoiona ghali mwanzoni. Jumla yangu: 40,000 na 20,000, kisha 110,000 na 20,000 tena, yaani 190,000. Aliyenunua feni kamili siku ya kwanza angelipa 130,000.

Sasa niyaseme yale ambayo ningeyatazama kama ningerudishwa siku ya kwanza.

Namba kwanza. Namba za spea za Toyota zina tarakimu kumi, na tano za mwanzo zinasema kitu ni nini: 16363 ni mota ya feni, 16361 ni panga, 16711 ni kava. Tano za mwisho ndizo zinazosema ni ya gari lipi. Kwa hiyo muuzaji anayekuonyesha kuwa "zote ni 16363, namba moja hiyo" amekuthibitishia kwamba ulichoshika ni mota ya feni, basi. Ni kama kuhakikishiwa kwamba mchumba uliyetafutiwa ni binadamu. Tano za mwisho zikilingana, mwaka wa gari lililotolewa mota hauna maana tena. Iwe ni ya 2001 au 2006, chukua. Zisipolingana, hujakatazwa kununua, ila sasa wewe ndiye unayebeba jukumu la kupima. Na ujue kwamba kibandiko kwenye mota mara nyingi kina namba ya kiwanda cha mota, Denso kwa mfano, si ya Toyota. Linganisha Denso na Denso, usichanganye.

Baada ya namba, nguvu. Mota ya wati 80 kwenye umeme wa volti 12 inakula takriban ampea 7. Ya wati 160 inakula zaidi ya 13, na pale inapoamka inavuta zaidi ya hapo. Muuzaji akisema ya mwaka wa mbele "ina nguvu kuliko yako", anasifia kitu ambacho fyuzi, rilei na waya wako havikuandaliwa kukibeba. Waya utapata moto, soketi itayeyuka, na utaambiwa gari lina tatizo la umeme. Kinyume chake, mota dhaifu kuliko ya awali itazunguka, itapiga kelele, na mchana wa Februari Dar es Salaam itashindwa. Kwenye magari yenye feni mbili jambo hili lina ubaya wa ziada. Mengi huziunganisha mota hizo kwa mfuatano zikiwa kwenye mwendo mdogo, kila moja ipate nusu ya umeme, kisha sambamba zikitakiwa kwenda kasi. Mota mbili zisizolingana zitagawana umeme vibaya, moja ikimbie, nyingine ijikongoje. Ukibadilisha moja kati ya mbili, ilingane na mwenzake hasa.

Soketi ni shahidi asiyehongwa. Kama soketi ya feni ya mwaka mwingine inaingia bila kulazimishwa na ina idadi ileile ya pini, una dalili nzuri, ingawa bado si hati. Kama ya gari lako ina pini mbili na uliyoletewa ina tatu au nne, rudisha. Magari mengi mapya yana kidhibiti cha kielektroniki kilichofungwa kwenye feni yenyewe, kinachopokea amri kutoka kwenye kompyuta ya gari; feni ya namna hiyo kwenye gari la zamani haitajua cha kufanya, na ya zamani kwenye gari jipya itawasha taa ya injini kwenye dashibodi. Hapo hakuna kukata na kusokota waya kutakakosaidia, hata fundi awe nani.

Kava watu hulidharau kwa kuwa ni plastiki tu. Bila kava, panga huvuta hewa ya duara lake peke yake na kuiba hewa ya pembeni iliyokwisha kupata moto. Kava ndilo linalolazimisha hewa ipite kwenye uso mzima wa rejeta. Panga dogo ndani ya kava kubwa linaacha mwanya unaovujisha mvuto. Ndiyo maana nasema mota, panga na kava ni familia ya watu watatu: waliozaliwa pamoja waache pamoja. Ukiweza, chukua feni kamili kutoka gari la kodi yako, yaani msimbo wa modeli, hata kama mwaka ni tofauti, kabla ya kuchukua kipandekipande kutoka gari la mwaka wako lenye kodi nyingine. Kodi hiyo iko kwenye kibati chini ya boneti, na inaanza namba ya chasisi; kwa Corolla yangu, NZE121. Ndugu wa kizazi kimoja, Runx na Fielder za NZE121, ningewaulizia kabla ya kumgusa Axio.

Kuna wanaotatua tatizo la kava kwa kununua rejeta na feni vikiwa vimefungwa pamoja, au hata pua nzima ya gari iliyokatwa Japani. Kama rejeta yako nayo imechoka, hii ni hesabu nzuri, kwa sababu ufundi unalipa mara moja. Lakini angalia gia. Rejeta ya gari la otomatiki ina mabomba mawili ya kupozea mafuta ya gia. Ya gari la manyuo haina. Ukimfungia otomatiki rejeta ya manyuo utakuwa umeokoa feni na kuua giaboksi, na giaboksi haiuzwi kwa 110,000.

Kuhusu kopi mpya, niseme ninavyoona. Naziogopa mota za kopi kuliko mitumba. Mtumba wa Japani umeshathibitisha kwamba unaweza kuishi. Kopi imethibitisha tu kwamba boksi linaweza kuchapwa. Ukilazimika, ipime kwa mkono karibu na ya zamani. Nyepesi sana maana yake shaba na sumaku vimebaniwa. Iwashwe dukani kwa betri, isikilizwe dakika kadhaa, ishikwe kama inatetemeka. Na kabla ya kulipa, iandikwe kwenye risiti kwamba ukishindwa kuifunga leo unairudisha kesho. Duka litakuonyesha bango la mali ikishauzwa hairudishwi. Taja neno "naondoka" uone bango linavyolegea.

Orijino mpya ina wateja wake. Mwenye teksi anayeshinda kwenye foleni kutwa, au gari la ofisi ambalo siku moja ya kulala gereji ina gharama kuliko mota, alipe 380,000 alale usingizi. Kwa gari la familia lenye miaka ishirini sioni sababu.

Nirudi kwenye feni ya klachi kama nilivyoahidi. Hii haifi kwa kusimama. Inakufa kwa uvivu. Ndani ya klachi kuna mafuta ya silikoni yanayoshikilia panga lizunguke kadiri joto linavyopanda, na yakipungua panga linateleza. Injini ikiwa imezimwa na ina moto, zungusha panga kwa mkono. Likizunguka mizunguko kadhaa bila kugoma, klachi imechoka. Wauzaji watakuletea klachi nzima ya mtumba, ambayo nayo ni ya umri uleule na mafuta yaleyale yaliyochoka. Wakati mwingine tiba ni kichupa cha mililita 18 cha mafuta hayohayo ya silikoni, ambayo Toyota inayauza kwa unene tofauti, kikijazwa na fundi anayejua kuifungua klachi na kuifunga bila kuipindisha. Ukilazimika kubadilisha klachi au panga kwa la mwaka mwingine, pima kipenyo cha panga, hesabu mabawa yake, na tazama upande wa mzunguko: kuna injini ambazo zilipobadilishiwa mkanda kati ya mwaka mmoja na mwingine pampu yake ikaanza kuzunguka kinyume, na feni ya mwaka wa nyuma ikifungwa humo hutembea kinyumenyume. Panga lenye ufa usilifunge hata ukipewa bure. Likikatika kwenye mwendo litapasua rejeta.

Yapo pia "matengenezo" ambayo ni ya bei ndogo kuliko yote, na fundi atakupendekezea yote mawili kwa pumzi moja: kuunga feni moja kwa moja kwenye funguo izunguke muda wote, na kung'oa themostati. La kwanza nalikubali kama msaada wa kukufikisha nyumbani kutoka Chalinze. Kama maisha, linachosha mota na alternata bila sababu, na siku mota ikifa huna onyo. La pili silikubali kabisa. Themostati ya 1NZ-FE huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hivi kwa sababu injini imetengenezwa kufanya kazi ikiwa na joto. Iking'olewa, asubuhi injini inakaa baridi muda mrefu, inakunywa mafuta, na tatizo la feni linabaki palepale likikusubiri kwenye foleni.

Na usiipuuze dalili hii ya kuchemsha kwenye foleni ukisema utaendesha polepole mpaka mwisho wa mwezi. Hedi ya 1NZ-FE ni ya aluminiamu. Ikipata moto kupita kiasi hupinda. Jirani yangu aliendelea na feni mbovu wiki mbili akiongeza maji kila asubuhi. Hedigasketi, kuchonga hedi, oili, kulanti na ufundi vilimfikisha 480,000, na gari lilikaa gereji siku tisa. Kwa pesa hiyo angenunua feni kamili nne na chenji ya kuzifungia mbili.

Kwa hiyo ukienda kununua, nenda na feni yako mbovu mkononi, siyo picha kwenye simu. Nenda na kodi ya gari iliyoandikwa kwenye karatasi. Muuzaji akiuliza mwaka, mpe kodi. Anza na feni kamili ya mtumba ya kodi yako, ikikosekana, mota ya namba ileile uifunge kwenye kava na panga lako, zikikosekana zote, kaboni, kisha kopi, mota ya mwaka mwingine isiyolingana namba iwe ya mwisho kabisa. Na ile mbovu usimwachie fundi kama bakshishi.

Yangu nilirudi nayo nyumbani. Mwezi uliofuata, kwa udadisi tu, niliipeleka kwa yule fundi wa kusuka niliyemdharau. Aliifungua mbele yangu. Waya wa shaba ulikuwa mzima, beringi nzima, kaboni mbili ndizo zilizokuwa zimekwisha. Alichukua 25,000 yake na nusu saa. Sasa iko kwenye buti, imefungwa gazetini, inasubiri zamu.